Klasi, objekti na urithi: Foleni ya malori Busia inatufunza nini kuhusu programu za kompyuta?

Kila siku malori hupanga foleni mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda. Moja limebeba saruji, la pili mafuta, la tatu mahindi. Kando yake hupita mabasi ya abiria, magari madogo na pikipiki. Vyombo hivi havifanani kwa umbo wala kwa shehena, lakini vyote vinangoja jambo moja: ruhusa ya kupita.

Foleni ya namna hiyo iliwasaidia watafiti wawili wa Norway, zaidi ya nusu karne iliyopita, kupata wazo ambalo leo limo ndani ya programu nyingi zinazoendesha simu, benki na hospitali. Wazo hilo ni uandishi wa programu kwa njia ya objekti, na maneno yake makuu ni matatu: klasi, objekti na urithi.

Makala haya yanayafafanua maneno hayo kwa mifano ya mpakani. Yanaonyesha pia kwa nini kosa dogo katika kuyatumia haliishii kwenye meza ya mwandishi wa programu, bali laweza kumfikia mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la zahanati.

Wazo lilitoka wapi?

Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa watafiti katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, mjini Oslo. Katika miaka ya 1960 walitunga lugha ya kompyuta iliyoitwa Simula. Kazi yake ilikuwa kuigiza mambo ya dunia ndani ya kompyuta, ili mtu ajue, kwa mfano, foleni itarefuka kiasi gani kabla hajatumia fedha kujenga.

Walipokuwa wakiandaa toleo jipya, lililokuja kujulikana kama Simula 67, walikabiliwa na kikwazo. Mfano mmoja waliokuwa wakiufikiria ulikuwa wa daraja lenye kituo cha kutoza ushuru, ambapo malori na mabasi husimama katika foleni moja. Lori lina tani za mzigo, basi lina idadi ya abiria, na kompyuta ilipaswa kuzijua tofauti hizo. Lakini foleni yenyewe haijali tani wala abiria. Inachotaka kujua ni nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Je, iandikwe foleni ya malori peke yake na ya mabasi peke yake? Jibu lao lilikuwa jepesi kulieleza, ingawa halikuwa jepesi kulifikia: andika mara moja yale yaliyo ya wote, kisha kila aina iyachukue na kuongeza yaliyo yake. Hapo ndipo urithi ulipozaliwa katika lugha za kompyuta.

Wazo hilo halikubaki Oslo. Katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, huko California, walitunga lugha ya Smalltalk. Mwaka 1979 Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark aliyekuwa ameifahamu Simula, alianza kazi iliyozaa lugha ya C++. Python ilitolewa mwaka 1991 na Java mwaka 1995. Dahl na Nygaard walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta. Wote wawili walifariki dunia mwaka uliofuata.

Klasi ni nini, na objekti ni nini?

Klasi ni maelezo ya aina fulani ya kitu. Husema mambo mawili: kitu cha aina hiyo kina sifa gani, na kinaweza kufanya nini. Tukitaka kuigiza foleni ya Busia ndani ya kompyuta, twaweza kuanza hivi:

Klasi: Lori
Sifa: nambari ya usajili, jina la dereva, uzito wa shehena
Vitendo: kujiunga na foleni, kupimwa uzito, kuvuka mpaka

Maelezo hayo si lori. Hayabebi gunia hata moja wala hayana dereva. Yanafanana na ile karatasi ambayo fundi cherehani huikata kwa vipimo vya shati na kuitundika ukutani. Karatasi haivaliwi. Lakini kila mara fundi anapotaka shati, huilaza juu ya kitambaa na kukata kwa kuifuata.

Shati linalotokana na karatasi hiyo ndilo objekti. Kwa hiyo objekti ni kitu kimoja mahususi kilichoundwa kwa kufuata klasi. Katika programu yetu, lori la kwanza katika foleni lina nambari yake, dereva wake na uzito wake. Lori la pili lina vya kwake. Klasi ni moja, objekti ni mbili.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa hapa. La kwanza, kinachoipata objekti moja hakiipati nyingine. Shati moja likichanika, mashati mengine hayachaniki, wala karatasi iliyoko ukutani. La pili, objekti mbili zaweza kulingana kwa kila sifa na bado zikawa mbili, kama vile pacha wanavyofanana na bado kila mmoja ana njaa yake.

Objekti pia hulinda mambo yake ya ndani. Sehemu nyingine ya programu hairuhusiwi kuingia tu na kubadilisha uzito wa lori inavyopenda. Inapaswa kuliomba lori litende kitendo cha kupimwa, na uzito ubadilike kwa njia hiyo tu. Hatua hiyo ikichukuliwa, mtu anayetafuta chanzo cha kosa anajua pa kuanzia: kama uzito umekosewa, kosa limo katika kitendo cha kupimwa, halikutawanyika katika kurasa elfu.

Urithi unafanyaje kazi?

Tuongeze sasa klasi ya Basi. Nalo lina nambari ya usajili na dereva, nalo hujiunga na foleni na kuvuka mpaka. Pikipiki vilevile. Tukiandika mambo hayo upya kwa kila aina, tutakuwa tumesema jambo moja mara tatu.

Badala yake twaandika klasi moja ya juu na kuiita Chombo. Ndani yake twaweka yale yaliyo ya wote: nambari ya usajili, dereva, kujiunga na foleni, kuvuka. Kisha twasema kwamba Lori ni mtoto wa Chombo, na anachoongeza ni uzito wa shehena. Basi ni mtoto wa Chombo, na anachoongeza ni orodha ya abiria. Pikipiki ni mtoto wa Chombo, na huenda asiongeze chochote. Mtoto naye aweza kuwa mzazi: klasi ya Lori la Mafuta yaweza kurithi kutoka kwa Lori, na kwa njia hiyo ikapata vyote vya Lori pamoja na vyote vya Chombo.

Faida yake huonekana siku mambo yanapobadilika. Mwezi Februari mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Chini ya utaratibu wa vituo kama hivyo, msafiri hahitaji tena kusimama upande wa nchi anayotoka na kusimama tena upande wa nchi anayoingia. Shughuli za pande zote mbili hukamilishwa mahali pamoja, katika nchi anayoingia.

Kwa programu yetu ya kuigiza, mabadiliko hayo yanagusa kitendo kimoja tu: kuvuka mpaka. Kama kitendo hicho kimeandikwa ndani ya Chombo, twakirekebisha hapo, na papo hapo malori, mabasi na pikipiki zote zinafuata utaratibu mpya. Kama kilikuwa kimeandikwa mara tano katika klasi tano, twapaswa kukirekebisha mara tano. Tukisahau pikipiki, programu itaendelea kuzisimamisha mara mbili kwa miaka, na hakuna atakayejua sababu.

Neno urithi, hata hivyo, lisitupotoshe. Katika mirathi, mtoto hupokea mali baada ya mzazi kufariki, na kinachogawanywa hupungua. Urithi wa klasi unafanana zaidi na kurithi sura ya mama au sauti ya babu. Mzazi yu hai, hapungukiwi na kitu, na watoto mia waweza kurithi jambo lile lile. Kuna tofauti moja: mzazi akibadilika leo, watoto wote hubadilika naye. Hiyo ndiyo nguvu ya urithi na ndiyo hatari yake, kwa kuwa kosa likiingia katika klasi ya juu, linashuka katika ukoo mzima.

Mtoto anapokataa jambo moja la mzazi

Si lazima mtoto afuate kila kitu. Tuseme kitendo cha kukaguliwa kimeandikwa ndani ya Lori, nacho kinasema kwamba shehena ifunguliwe na kuhesabiwa. Lori la Mafuta haliwezi kuhesabiwa gunia kwa gunia. Kwa hiyo klasi ya Lori la Mafuta huandika upya kitendo hicho kimoja kwa namna inayolifaa, na kubaki na mengine yote kama ilivyoyarithi. Afisa wa foleni hahitaji kujua hayo. Hutoa amri moja kwa kila kilicho mbele yake, na kila objekti huitika kwa namna ya klasi yake.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kuliona jambo hilo kuwa geni, kwani lugha yake hulifanya kila siku. Ngeli zetu za majina ni klasi. Neno jipya likiingia katika ngeli ya KI-VI, hatuhitaji kufundishwa wingi wake wala namna ya kulitungia sentensi. Kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka; kikapu kimejaa, vikapu vimejaa. Neno limerithi kanuni zote za ngeli yake.

Lakini litazame neno kijana. Wingi wake ni vijana, kama ngeli ya KI-VI inavyoagiza. Hata hivyo hatusemi kijana kimefika. Twasema kijana amefika, vijana wamefika. Ndivyo ilivyo kwa kiongozi, kipofu na kiboko wa mtoni. Maneno hayo yamerithi umbo la ngeli moja, lakini kwa kuwa yanataja viumbe vyenye uhai, yameandika upya kanuni ya upatanisho. Mtoto wa Kiswahili hujua hilo kabla hajaanza shule, na asiyejua anapokosea, sikio hushtuka mara moja.

Mtego uliomo katika neno dogo "ni"

Swali gumu kuliko yote katika kazi hii ni kujua lini utumie urithi na lini usiutumie. Kipimo cha kwanza ni kusema sentensi kwa sauti. Lori ni chombo: sentensi ina maana, basi Lori laweza kurithi kutoka kwa Chombo. Lori ni injini: sentensi haina maana. Lori lina injini, kwa hiyo injini iwe sifa ya lori, isiwe mzazi wake. Wanaoanza hukosea hapa mara nyingi. Huona kwamba injini ina nguvu wanayoihitaji, wakaifanya mzazi ili wapate nguvu hiyo bila kuandika tena.

Kipimo hicho ni kizuri, ila hakitoshi. Historia ya boda boda inatuonyesha sababu.

Jina boda boda lilizaliwa mpakani hapa. Katika miaka ya 1960 na 1970 waendesha baiskeli walibeba wasafiri na mizigo katika kipande cha njia kilicho baina ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya. Waliwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, likatamkwa kwa lafudhi ya kwetu na kurudiwa mara mbili.

Mwandishi wa programu wa siku hizo angetamka bila wasiwasi kwamba boda boda ni baiskeli. Angeunda klasi ya Boda Boda na kuifanya mtoto wa Baiskeli. Ingerithi kanyagio, mnyororo na kengele, na programu ingefanya kazi vizuri. Kisha zikaja pikipiki. Boda boda ikawa na injini, ikanywa petroli, ikahitaji nambari ya usajili. Klasi iliyoandikwa kwa uangalifu ingegeuka uongo, ingawa hakuna aliyekosea hesabu hata moja.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba boda boda ni aina ya chombo, ilhali ni kazi. Mchukue mwendesha boda boda anayeishi Sop Sop, wilayani Tororo. Asubuhi pikipiki yake inabeba abiria kwa malipo. Jioni pikipiki ile ile inabeba mahindi ya nyumbani kwake bila malipo. Haikubadilika kuwa kitu kingine njiani. Kilichobadilika ni kazi yake. Mpango ulio sahihi ni kuandika kwamba mtu ana kazi, na kazi hiyo ina chombo. Chombo hicho kesho kikiwa pikipiki ya umeme, hakuna kitakachobomoka.

Kwa hiyo baada ya kuuliza kama kitu hiki ni kile, uliza maswali mawili zaidi. Je, ni hivyo tangu kinapoundwa hadi kinapofutwa, au kwa muda tu? Na je, chaweza kuwa jambo jingine wakati huo huo? Neno "ni" la Kiswahili, kama la lugha nyingi, hubeba yote mawili: twasema pikipiki ni chombo, na twasema pia dada huyu ni muuguzi. La kwanza ni la kudumu. La pili ni kazi, na mtu aweza kuwa nayo pamoja na mambo mengine.

Muuguzi alipokuwa mgonjwa

Maswali hayo yamewahi kuulizwa katika mfumo wa kompyuta unaotumika katika eneo letu hili hili. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, pamoja na Indiana University ya Marekani, vilianzisha mpango wa AMPATH wa kupambana na VVU magharibi mwa Kenya. Kazi yake ilienea hadi kaunti ya Busia. Wagonjwa walipoongezeka, kumbukumbu za karatasi zikaelemewa. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya kutunga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Umeandikwa kwa lugha ya Java, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake na kuutumia.

Ndani yake urithi umetumika kwa namna ambayo msomaji wa makala haya ataitambua. Iko klasi inayowakilisha mtu: majina yake, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Klasi ya mgonjwa inarithi kutoka kwa klasi ya mtu, na kuongeza nambari anazotambulishwa nazo katika vituo vya afya. Iko klasi ya agizo la daktari, na watoto wake: agizo la dawa huongeza kipimo cha dawa, agizo la uchunguzi huongeza mambo ya maabara. Jambo linalopimwa kwa tarakimu, kama uzito wa mwili, limewekewa klasi inayoongeza kizio na mipaka ya juu na ya chini, ili kidole kikiteleza na kuandika kilo 700 badala ya 70, kompyuta ikatae.

Katika matoleo ya mwanzo, mtumiaji wa mfumo naye, yaani muuguzi au karani mwenye neno la siri, alikuwa mtoto wa klasi ya mtu. Sentensi ilionekana haina dosari: mtumiaji ni mtu.

Lakini mfikirie muuguzi wa zahanati ya mpakani. Saa tatu asubuhi yuko mbele ya kompyuta, ni mtumiaji. Saa tisa alasiri homa imempanda, amepimwa na kukutwa na malaria, sasa ni mgonjwa. Kwa kawaida objekti huundwa kutoka katika klasi moja na kubaki humo. Ikiwa mtumiaji na mgonjwa ni watoto wawili tofauti wa mtu, objekti moja haiwezi kuwa wote wawili. Njia nyepesi ya kutoka hapo ni kumwandika muuguzi mara mbili, kana kwamba ni watu wawili. Jina likisahihishwa kwa mmoja, kwa mwingine linabaki na kosa. Dukani jambo kama hilo ni usumbufu. Katika zahanati, ambapo jina na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vinavyomtofautisha mgonjwa huyu na yule, si jambo la kupuuza.

Watunzi wa OpenMRS waliubadilisha mpango huo. Mtumiaji aliacha kuwa mtoto wa mtu. Sasa akaunti ya mtumiaji ina mtu inayemhusu. Mtu huyo mmoja aweza kuwa na akaunti, hata zaidi ya moja, na bado akabaki mtu yule yule anapolazwa kitandani. "Ni" imegeuzwa kuwa "ina", na muuguzi amekuwa mmoja tena.

Nchi mbili, mzazi mmoja

Juu ya msingi wa OpenMRS imejengwa mifumo ya kitaifa pande zote mbili za mpaka: KenyaEMR upande wa Kenya na UgandaEMR upande wa Uganda. Ni kama ndugu waliolelewa na mzazi mmoja. Yote miwili inafahamu mgonjwa ni nini, agizo la dawa ni nini, na uzito unaandikwaje.

Mtu aweza kudhani, basi, kwamba mgonjwa akivuka mpaka kompyuta ya upande wa pili itamtambua. Hapa ndipo tofauti kati ya klasi na objekti inapoacha kuwa somo la darasani.

Tuseme mama mmoja wa Sop Sop anachukua dawa zake kila mwezi katika kituo cha afya wilayani Tororo. Akiwa kwa dada yake upande wa Kenya, dawa zinamwishia. Anaingia katika kituo cha afya. Kompyuta iliyoko pale inajua kwa ukamilifu mgonjwa ni nani kwa maana ya klasi: ana jina, ana tarehe ya kuzaliwa, ana nambari. Lakini haimjui mama huyu. Objekti inayomhusu, yenye tarehe ya kuanza dawa na matokeo ya vipimo vyake, iko Tororo. Klasi imevuka mpaka, objekti imebaki.

Kurithi umbo si kurithi kumbukumbu. Ili objekti nayo ivuke, panahitajika mambo ambayo urithi hauyatoi: nambari ya utambulisho inayokubalika pande zote mbili, mtandao unaoaminika, sheria inayoruhusu, na ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Ulinganifu wa klasi hurahisisha kazi hiyo, kwa kuwa pande mbili zinazosema lugha moja huelewana haraka zaidi. Lakini hauifanyi kwa niaba ya mtu yeyote.

Kwa msikilizaji anayeishi kwa kuvuka mpaka, funzo lake ni la vitendo. Beba kadi au daftari la kliniki kila unaposafiri. Ukifika kituo kipya, mweleze mhudumu kwamba umekwisha kuandikishwa kwingine na unatumia dawa gani, hata kama hakuuliza. Usipofanya hivyo, huenda kompyuta ikakuundia objekti mpya isiyo na historia, na ukaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Maneno muhimu kwa ufupi

Klasi: maelezo ya aina ya kitu, yanayotaja sifa zake na vitendo vyake.

Objekti: kitu kimoja mahususi kilichoundwa kwa kufuata klasi, chenye habari zake chenyewe.

Sifa: habari ambayo objekti inaihifadhi, kama nambari ya usajili au tarehe ya kuzaliwa.

Kitendo: jambo ambalo objekti inaweza kulifanya inapoombwa.

Urithi: uhusiano unaoiwezesha klasi moja kuchukua sifa na vitendo vya klasi nyingine na kuongeza vyake.

Kuandika upya: klasi ya mtoto kuwa na namna yake ya kutenda kitendo ilichokirithi kwa mzazi.

Ukitaka kuanza kujifunza

Huhitaji kompyuta siku ya kwanza. Chukua karatasi na uchague mahali unapopafahamu: duka la mtaani, gulio, kituo cha bodaboda, kanisa au msikiti. Andika vitu vinavyopatikana hapo, kisha uvipange katika klasi. Kwa kila klasi taja sifa na vitendo. Pale unapoona jambo moja limeandikwa mara mbili, jiulize kama kuna mzazi ambaye hajaandikwa. Na pale unapotaka kumweka mzazi, pitia yale maswali: je, ni hivyo, ni hivyo daima, na je, hakiwezi kuwa kingine kwa wakati huo huo? Jibu likikushinda, tumia "ana" badala ya "ni". Ni rahisi zaidi kumwongezea mtu kazi ya pili kuliko kumbadilishia ukoo.

Baada ya hapo, lugha ya Python ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa kuwa sentensi zake ni fupi na hupatikana bila malipo. Anayekusudia kufanya kazi katika mifumo kama OpenMRS atahitaji kujifunza Java. Afahamu pia tofauti moja mapema: katika Java klasi ina mzazi mmoja tu, ilhali Python na C++ huruhusu wazazi zaidi ya mmoja, ruhusa inayopaswa kutumiwa kwa tahadhari, kwani wazazi wawili wakiagiza mambo tofauti ni lazima pawe na kanuni ya kuamua mtoto amfuate nani.

Lugha utakayoichagua yaweza kubadilika baada ya miaka michache. Kazi ya kutazama foleni na kuona ni nini kilicho cha wote, na ni nini kilicho cha kila mmoja, itabaki ile ile.